Chachu ya Mzee Sikio

Mzee alianza kuja ofisini siku tatu baada ya kuzikwa.

Alikuja saa nne asubuhi, hawahi wala hachelewi. Aliingia kwa mlango wa mbele kama mteja mwenye miadi, akakaa kiti cha tatu pale mapokezi, kile cha mbao kilicho chini ya kalenda, eproni nyeupe kifuani, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Halafu aliinamisha kichwa polepole mpaka sikio likagusa mkono wa kiti, akatulia hivyo, anasikiliza. Robo saa nzima. Ukipepesa macho, hayupo.

Wakili alimwona kupitia kioo cha mlango wa chumba chake. Sasa nyie mtasema ni uchovu. Na yeye alisema ni uchovu. Akaacha kahawa, akabadilisha miwani, akachukua likizo ya wiki moja akailala yote. Aliporudi, Mzee naye yupo. Na ingekuwa ni macho peke yake mtu angejikaza kisabuni, lakini kila ikifika saa nne na nusu dada wa mapokezi alichukua kitambaa akafuta kile kiti, huku akibwata.

"Jamani hii chokaa inadondoka kutoka wapi? Si juzi tu tumepaka dari?"

"Futa tu, dada."

"Nafuta kila siku, bosi. Na hii harufu je? Kama kuna mtu kasahau maziwa ya juzi kwenye mkoba."

Haikuwa chokaa, wala hayakuwa maziwa. Ilikuwa unga wa ngano na chachu iliyopitiliza. Wakili asingeweza kukosea harufu ile hata angefungwa macho, maana alilelewa kwenye tanuri la mikate. Wazazi wake walifariki akiwa na miaka sita, na mjomba wake, mwokaji, alimchukua akamlea pamoja na wanawe watatu. Wale watatu waliingia kwenye biashara ya mikate. Yeye alionekana ni msichana mwenye kichwa, akasomeshwa mpaka mwisho.

Na alisoma kweli, tusimnyime haki yake. Alikuwa wakili wa jambo ambalo hata majirani zake hawakulielewa. Walidhani anaandika hati za viwanja. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ikitaka kununua nyingine, hasa mnunuzi akiwa mwekezaji kutoka nje, lazima iombe ruhusa kwa tume ya serikali inayolinda ushindani. Tume inauliza swali moja kwa maneno mengi: mkishaungana, wateja watabaki na pa kukimbilia? Yeye alikodiwa aseme ndiyo, watabaki. Alisema kwa kurasa mia mbili, kwa majedwali na ramani, mpaka tume yenyewe ikajiona ilikuwa na wasiwasi wa bure.

Miaka mitano nyuma alikuwa na kesi ya hamira. Kampuni ya nje iliyokuwa ikiingiza hamira nchini ilitaka kununua kiwanda pekee cha hamira kilichokuwepo. Wote wawili wakiwa kitu kimoja, mwokaji akigombana nao ataenda wapi? Hilo ndilo lilikuwa swali. Jibu lake alilitia kwenye aya ya arobaini na moja, na siku aliyoiandika alijipongeza kwa chai ya tangawizi: *Mwokaji atakayekosa hamira anaweza kurudi kwenye chachu ya asili, kama walivyofanya wazee wake, bila hasara ya maana.* Mtoto wa tanuri ndiye aliyeyaandika hayo. Alijua fika ni uongo.

Katikati ya kesi hiyo yakaingia malalamiko ya mwokaji mmoja. Mtu akilalamika kwa tume anaweza kuomba jina lake lifichwe, na tume hulifunika kwa wino mweusi, jina, anwani, kila kitu cha kumtambulisha, ndipo wakili wa kampuni anapewa nakala ajibu hoja. Wino ule ni kiapo. Wakili haruhusiwi kuuchungulia, sembuse kumwambia mteja wake anachoona chini yake. Lakini huyu wetu alikuwa na kipaji cha kuona. Mara aone aina ya biashara, mara aone mtindo wa maneno, akakisia, na akapatia. Kwenye ofisi walimwita Darubini, na akilisikia jina hilo alikuwa akitabasamu kwa pembeni.

Siku hiyo alikuwa mezani na mkurugenzi wa ile kampuni na wasaidizi wake wawili. Nakala ilikuwa na wino kila mahali, ila sentensi moja haikuguswa, pengine ilionekana ni porojo tu: *Mimi unga ninaulalia sikio, na hamira iliyokufa naijua kabla jicho halijaiona.*

"Huyu anachekesha," alisema mkurugenzi. "Atakuwa nani?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema: hilo si letu, tuendelee na ukurasa wa pili. Maneno manane tu. Badala yake akaweka kalamu chini, akaegemea kiti kama mtu anayejiandaa kufanya kiini macho.

"Nchi nzima hii, mwokaji anayelalia unga sikio ni mmoja. Si gazeti lilimtoa mwaka jana? Mzee Sikio."

Wakacheka wote. Mji mzima ulimjua Mzee Sikio, mwokaji asiyeamini saa wala kipimo, aliyelaza shavu juu ya kila beseni la unga, na akisema "bado", ni bado. Mkurugenzi hakuandika chochote. Alifunika kalamu yake tu, akaomba waendelee.

Ruhusa ikatoka. Miezi mitatu baadaye gari la hamira likaanza kuruka mlango wa Mzee Sikio. Leo gari bovu, kesho oda haionekani, keshokutwa analetewa hamira iliyokaa juani mpaka ikafa. Kisha muuzaji wa kampuni akapita kwa waokaji wote, akawaambia punguzo la bei limeondolewa kwa sababu kuna mwenzenu alikwenda kutuchongea kwenye tume. Hakumtaja. Aliwaachia wajionee wenyewe gari linaruka mlango gani. Basi wakamtenga. Salamu wakamnyima, na kwenye chama chao wakamfuta.

Mzee akajaribu chachu ya asili, kama aya ya arobaini na moja ilivyomshauri. Mikate ikatoka michungu, mizito kama tofali. Wateja wakaonja siku mbili, ya tatu wakahama. Tanuri likazimwa. Miaka mitatu baadaye na mwenyewe akazimika.

Wakili alisoma tangazo la mazishi gazetini, akalikunja mara nne, akalitia kwenye droo. Alijiambia neno moja ambalo lilimshikilia asianguke: *Lakini ni yeye aliyeandika.* Alilisema kila saa nne asubuhi, akitazama kupitia kioo. Nilifanya vibaya kumtaja, ndiyo, lakini sikumsingizia. Ni yeye aliyeandika.

Mzee alikuwa akiinamisha kichwa tu, anasikiliza mbao.

*

Miezi minane ikapita hivyo. Jumanne moja, saa nne kamili, dada wa mapokezi alipiga simu ya ndani. "Bosi, una mgeni. Hana miadi. Anasema ni binti wa yule mwokaji, Mzee Sikio."

Wakili akatazama kupitia kioo. Mwanamke wa kama miaka thelathini na tano, kitenge kimefungwa vizuri, mikono ya mtu wa kukanda, alikuwa anakielekea kiti cha tatu. Na Mzee, ambaye miezi minane hakuwahi kusogea hata inchi, akainuka taratibu, akahamia kiti cha pili kumpisha binti yake.

Aisee. Wakili alishika meza kwa mikono yote miwili.

Mgeni alipoingia hakuzunguka. "Shikamoo, wakili. Sikuja kwa shari. Baba alikufa akiitwa mchongezi, na aliapa hakuandika ile karatasi. Mimi namwamini, wengine hawamwamini. Jumamosi chama cha waokaji kinakaa. Nimeomba uanachama ili niwashe tanuri lake. Siku hizi wanaagiza hamira kwa pamoja kutoka nje, wamechoka na ile kampuni. Usipokuwa mwanachama, hupati. Wameniambia wazi: damu ya mchongezi hatuitaki."

"Dada yangu, mimi nilikuwa wakili wa upande wa kampuni. Siwezi kuwa wakili wako."

"Najua. Sitaki wakili. Nataka mtu aliyeishika ile karatasi aniambie, ni baba au si baba?"

"Jina lilifunikwa."

"Basi lifunuliwe."

Alikuwa amejiandaa, huyu binti. Alijua kwamba baada ya miaka mitano wakili aliyekuwa kwenye kesi anaweza kuomba kuiona nakala isiyo na wino, kwa sababu maalumu, kwenye chumba cha kumbukumbu cha tume. Haruhusiwi kulitoa jina nje, ila akiomba, anapewa hati ya kuthibitisha kwamba mtu fulani siye. Miaka mitano ilikuwa imetimia mwezi uliopita.

"Kuna kitu kingine," alisema akiwa amekwishasimama. "Siku ile muuzaji wa kampuni alipomsomea baba sentensi ya kulalia unga, baba alinyamaza ghafla. Akaniambia jioni yake: aliyeandika nimemjua. Nikamwambia basi mtaje, watu wakuache. Akakataa kata kata. Alisema, ana mtoto wa kusitiri. Nilimwomba mpaka anakata roho. Ni hivyo tu: ana mtoto wa kusitiri."

Alipotoka, kiti cha tatu kilikuwa kitupu, na cha pili kina unga.

*

Alikwenda kwenye chumba cha kumbukumbu siku ya Alhamisi, na nia yake, tusifichane, haikuwa safi. Hakwenda kumsafisha Mzee Sikio. Alikwenda kumkuta. Jina la Mzee likiwepo pale, basi binti atalia, atakosa uanachama, na yeye Darubini atakuwa alipatia. Atakuwa amevunja kiapo lakini hajamuua asiyehusika. Kuna tofauti, alijiambia akipanda ngazi. Kuna tofauti kubwa sana.

Mtunza kumbukumbu, baba mmoja mwenye sweta hata kwenye joto, alimletea faili, akamsainisha, akakaa mbele yake kama msimamizi wa mtihani.

Ukurasa ulikuwa uleule, hauna wino. Macho yake yakaenda chini kwenye sahihi.

Lilikuwa jina la mjomba wake. Yote matatu, kwa ule mwandiko wa kuegemea nyuma aliouona kwenye kila ripoti ya shule aliyowahi kuleta nyumbani.

Alirudia kusoma. Alisoma tena. Chini ya sahihi kulikuwa na mistari miwili ambayo nakala yake yeye ilikuwa nyeusi tii: *Naomba jina langu lifichwe. Siiogopi kampuni. Ila mpwa wangu niliyemlea ndiye wakili wao, na sitaki akose raha kazini kwa ajili yangu.*

"Unajisikia vizuri, mama?" aliuliza mtunza kumbukumbu. "Nikuletee maji?"

Wakili alikuwa ameiona picha, wazi kama jana. Siyo ya gazetini. Yupo na miaka saba, amekaa juu ya gunia la unga, miguu inaning'inia, na mjomba amelaza shavu juu ya beseni, amefumba macho. *Njoo na wewe usikilize, mama. Unasema nini?* Naye anaweka kisikio chake, unga unamtekenya, anacheka. *Unasema bado, mjomba.* Kila jioni. Miaka kumi na mbili. Nchi nzima mwokaji anayelalia unga sikio ni mmoja! Mwanamke aliyeona chini ya kila wino, jamani, alikuwa amemsahau aliyemlisha. Tangu apate ofisi hakukanyaga tanurini. Alimwalika mjomba hotelini siku za sikukuu, wanakula kwa uma.

Aliomba ile hati. *Mwandishi wa malalamiko siye Mzee anayejulikana kama Mzee Sikio.* Ikapigwa muhuri. Akaitia kwenye mkoba, akashuka ngazi ameshika ukuta.

*

Mjomba alikuwa barazani nyuma ya tanuri, anasugua trei. Alikuwa amezeeka kuliko alivyokumbuka. Alipomwona aliinuka haraka, akafuta mikono.

"Ewe! Mama mwenyewe! Kuna msiba?"

"Shikamoo, mjomba. Hakuna msiba." Alibaki amesimama. "Nimeiona ile karatasi. Uliyoiandikia tume."

Mjomba akakaa, trei mapajani. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha wakili. Alikaa kama mtu aliyetua mzigo ambao wote wawili walikuwa wameushika.

"Nilijua ipo siku tutalizungumza," alisema. "Nilikuwa naona haya kuanza. Mwanangu, kukushukuru nilishindwa, maana nitakushukuruje kwa jambo kama lile? Na kukulaumu pia nilishindwa."

"Kunishukuru kwa nini?"

"Kwa kunifunika." Alimtazama. "Kampuni ilipomwangukia Mzee Sikio, nilijua. Nikasema, mtoto kaiona sentensi yangu, kanitambua papo hapo, atashindwaje? Akaona mjomba anaenda kuumia, akamsukumia mwingine. Miaka yote hii nimekula nacho hicho. Usiku nakuombea, kisha namwomba Mungu anisamehe kwa kukuombea."

Wakili alifungua kinywa. Angeweza kunyamaza hapo. Mzee wa watu alikuwa amempa uongo mzuri, wenye mapenzi ndani yake, na kuukubali kulihitaji kuinamisha kichwa tu.

"Sikukufunika, mjomba," alisema. "Sikukutambua. Sikukukumbuka kabisa. Nilitaka kuonekana hodari mbele ya wageni."

Trei ilimponyoka mjomba ikagonga sakafu, na hakuna aliyeiokota.

"Hukunikumbuka," alisema mjomba.

"Hapana."

"Basi sote tumemuua bure." Alipangusa uso kwa kiganja, uso ukabaki na unga. "Ndiye aliyenifundisha kazi, unajua? Nilikuwa kijana wake. Kulalia unga ni yake, mimi niliiga. Jeneza lake nimelibeba kwa bega hili, na kila siku nilisema kesho nitasema, kesho nitasema. Huyo ndiye mjomba wako."

Wakili alikuwa anatazama bega la mjomba. Halafu akatazama nyuma yake, kwenye kigoda kilichokaa peke yake karibu na mabeseni. Kigoda kilikuwa cheusi kwa moshi wa miaka, ila juu yake palikuwa na alama mbili nyeupe za viganja, kubwa, mbichi. Wanawe mjomba wote walikuwa wamekwenda sokoni.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya chini. "Hapo huwa anakaa nani?"

Mjomba hakugeuka kutazama. Hakuhitaji.

"Na kwako anakuja?" aliuliza.

"Saa nne. Kwako je?"

"Alfajiri, nikifungua mlango. Nakuta ametangulia. Hasemi neno. Anausikiliza unga wangu, basi. Na siku hizo, mwanangu, unaumuka kuliko siku zote."

Wakakaa pamoja, wawili waliokuwa wakigawana maiti mmoja bila kujua. Mwishowe wakili alimweleza habari ya binti, ya chama na ya Jumamosi. Alisema ana hati ya tume, na atasimama mwenyewe aseme alichofanya. "Jina lako siruhusiwi kulitoa, na sitalitoa. Hilo ni lako."

"Wakijua ni mimi, watanifanyia nini mimi na wanangu?"

"Walichomfanyia yeye, pengine."

"Na wewe ukisema, kazi yako?"

"Watanifutia leseni."

Mjomba akatikisa kichwa polepole. "Siwezi," alisema. "Nisamehe. Siwezi kusimama mbele ya wale watu." Naye hakumlazimisha. Alimbusu mkono wenye unga, akaondoka.

*

Jumamosi, ukumbi wa chama ulikuwa na viti vya plastiki na waokaji kama arobaini, wengi wana macho mekundu ya watu wanaoamka wakati wengine wanageuka upande wa pili. Binti wa Mzee Sikio alikaa mbele, mgongo umenyooka. Mwenyekiti, mtu wa tumbo na sauti, alisoma ombi lake kama anayesoma tangazo la mbuzi aliyepotea.

Wakili akainua mkono. Alisema bila karatasi, naye alikuwa hajawahi kusema bila karatasi. Alisema yeye ndiye aliyekuwa wakili wa kampuni. Alisema kwamba mezani kwa kampuni aliulizwa nani kaandika, na akamtaja Mzee Sikio, kinyume cha kiapo chake, kwa kujikweza tu. "Na nilikosea. Siye aliyeandika. Hati ya tume hii hapa."

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti aligonga meza mpaka glasi ikaanguka.

"Subirini! Subirini jamani! Mama, wewe ulikuwa mdomo wa hao hao waliotunyonga. Ulisema mbele ya tume tutatumia chachu za bibi zetu, au nimekosea? Leo unatuletea karatasi ya muhuri. Tukuamini kwa lipi? Kama si Mzee Sikio, ni nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Aah! Sikieni hiyo! Hapo mwanzo ulikuwa huruhusiwi pia, mbona ulisema?"

Watu wakaangua kicheko, kicheko kibaya. Binti akainamisha kichwa. Wakili alisimama tu pale katikati, hati mkononi, maana mwenyekiti alikuwa amesema kweli tupu.

"Mwacheni," ilisema sauti kutoka nyuma. "Msimuulize yeye. Ni mimi."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, eproni haijavuliwa, amekuja kama alivyotoka tanurini. Alitembea mpaka mbele, na kila aliyempita alivuta kiti kumpisha.

"Mimi ndiye niliyeandika. Nilikuwa na haki ya kuandika, na nilichosema kilikuwa kweli, ninyi wenyewe mmekiona. Kosa langu si kuandika. Mwalimu wangu alipobebeshwa, nilitazama pembeni. Nilimnyima salamu sokoni, mimi, ili msinishuku." Aligeuka kwa binti. "Mwanangu, baba yako alikuwa msafi. Nifanyieni mtakacho."

Binti alimtazama. Hakulia wala hakupiga kelele, na nadhani ingekuwa nafuu angepiga.

"Baba alikujua," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Aliposomewa ile sentensi alijua ni kijana wake. Alikataa kukutaja mpaka anakufa, alisema una mtoto wa kusitiri." Alikunja uso, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. "Lakini wanao wote hawa hapa nawaona, watu wazima, wana mikokoteni yao. Mtoto gani wa kusitiri?"

Mjomba alijaribu kuzuia macho yake yasiende, lakini macho hayakumsikia. Yalikwenda kwa mpwa wake.

Binti akayafuata. Akamtazama wakili, viatu, mkoba, miwani, mpaka usoni.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Wakili akakaa sakafuni katikati ya ukumbi, hati bado ameishika. Mzee Sikio alikuwa na jina moja la kusema ili apone, na hakulisema, mtoto wa mwenzake asije akaaibika huko alikofika. Na mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa amemtaja, huku anacheka, kalamu iko mezani.

"Nilitaka jina la baba tu," alisema binti, juu ya kichwa chake. "Hayo mengine yabebeni wenyewe." Akamgeukia mwenyekiti. "Pigeni kura, nina unga nimeuacha."

Mikono ikapanda, mmoja mmoja, mpaka ikawa yote.

*

Jumatatu wakili aliamkia kuandika barua kwa kamati ya nidhamu ya mawakili, ukurasa mmoja, bila majedwali. Ilipokaribia saa nne alitoka chumbani kwake, akaenda kukaa mapokezi, kiti cha pili, mkoba mapajani kama mteja. Dada wa mapokezi alimwangalia kwa jicho la pembeni lakini akauchuna.

Saa nne ikafika. Ikafika na robo, na nusu. Mlango haukufunguka.

Dada akachukua kitambaa chake kwa mazoea, akaja mpaka kiti cha tatu, akainama, akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti. Akakitazama kidole.

"Eh! Bosi, leo hakuna chokaa," alisema kwa furaha. "Hata harufu imekwisha. Si nilikwambia itaacha yenyewe?"

Wakili akalaza shavu juu ya mbao ya kile kiti, sikio chini, akafumba macho, na akalia mpaka dada wa watu akakimbilia simu asijue ampigie nani.